Siti, Bosi na barabara ya Mwanza

Ushauri wa mama mkwe wangu kuhusu paka ulikuwa mfupi: atiwe guniani. "Akiiona njia, atarudi," alisema, na kwake yeye mjadala ukaishia hapo. Paka wa kutupwa hufungwa kwenye gunia asijue alikopitishwa, sasa wa kuhamishwa kwa nini awe tofauti? Nikamwambia, "Mama, toka Mbagala hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100. Hata akiiona njia yote, atarudije?" Akanitazama vile anavyonitazama kila nikigusa habari za mifugo, mimi mtu wa Tanga.

Tukakubaliana tenga. Tenga la kuku, lile la fito, mdomo umefungwa kwa kamba ya manila, chini tumetandaza maranda tuliyopewa bure na seremala wa mtaani. Humo akaingia Siti, paka wetu wa miaka minne. Jina alipewa na mume wangu kwa sababu ya sauti. Siti binti Saad aliimba taarabu; huyu wetu anaimba njaa. Nyuma kabisa ya Noah, pale tulipong'oa viti, akakaa Bosi, mbwa wa rangi ya udongo ambaye maishani mwake alikuwa amepanda gari mara mbili tu: tulipokwenda Kigamboni kuogelea, na siku ya chanjo.

Nikiri kitu. Mtaa niliokulia Tanga, mbwa hukaa nje ya ukuta na mtu humrushia chakula akiwa mbali. Miaka sita ya kuishi na Bosi haijaniondolea hilo moja kwa moja. Ila watoto wangu, Kulwa na Doto, walipoambiwa baba amepata uhamisho na tunahamia Mwanza, swali lao la kwanza halikuwa shule wala marafiki. Waliuliza, "Na Bosi?" Kondakta mmoja wa basi niliyemuuliza kama anabeba mbwa alicheka mpaka akashika mlango. Basi ikabidi twende wote kwa gari letu, na vyombo vitangulie kwa Fuso.

Wiki tatu kabla, afisa mifugo alimchanja Bosi chanjo ya kichaa cha mbwa, maana chanjo inahitaji muda ili ishike, akatujazia kadi na kutuandikia kibali cha kumsafirisha. Akatuasa asile asubuhi ya safari, apewe maji kidogo kidogo, na kila baada ya saa mbili tatu ashuke anyooshe miguu. Ushauri huohuo, nikiutazama vizuri, ulimfaa na mama mkwe wangu, Bibi wa watoto, tuliyesafiri naye.

Tulitoka saa kumi alfajiri, mapema Julai, watoto wakiwa likizo. Chalinze, Morogoro na Dumila sivisimulii, kila mtu ameshavipita. Niseme tu kwamba Siti aliimba kutoka Kibaha hadi Morogoro bila kumeza mate. Tulipokaribia Gairo akanyamaza ghafla, na kimya chake kikatutisha kuliko kelele. Doto akaingiza kidole kwenye tenga kuhakikisha kama yu hai. Alikuwa hai. Plasta tulikuwa nazo.

Tulipoiacha Dodoma na mibuyu yake, trafiki akatusimamisha. Akakagua leseni, akazunguka gari, akafika nyuma akakutana uso kwa uso na Bosi aliyekuwa amebandika pua kwenye kioo.

"Na huyu anaitwa nani?"

"Bosi, afande," akasema mume wangu.

"Bosi anakaa siti ya nyuma, na wewe ndiye dereva." Akarudisha leseni. "Haya, mpeleke bosi wako." Kibali cha afisa mifugo, ambacho nilikuwa nimekishika mkononi tangu Kibaha, hakukiuliza. Hakuna aliyekiuliza mpaka leo. Bado ninacho kwenye pochi.

Singida tuliingia jua limezama, na upepo wa Julai wa kule, mtu wa Dar hajui aukimbie kwenda wapi. Nyumba ya wageni ya kwanza ilikataa mbwa, ya pili ikakataa mbwa na paka. Ya tatu dada wa mapokezi alisema paka sawa, mbwa hapana, wateja watalalamika. Mume wangu akasema basi yeye atalala garini na Bosi. Hapo ndipo mlinzi, mzee aliyevaa koti refu la jeshi na kofia ya sufu, akaja taratibu mpaka dirishani.

"Anabweka huyu?"

"Akiona mtu asiyemjua, sana."

"Mniazime." Akaeleza kwamba uwanja ni mkubwa, ukuta wa nyuma umebomoka, na yeye yuko peke yake hadi asubuhi. Bosi akafungwa kwenye mnyororo karibu na jiko la mkaa la yule mzee, wakagawana ugali na mchuzi wa kuku wa kienyeji. Asubuhi nilipotoka niliwakuta wawili hao wamelala fofofo, Bosi kichwa juu ya buti la mzee. Dada wa mapokezi akawatazama, akanitazama, akaendelea kufagia.

Siku ya pili kona za mlima Sekenke zilimshinda Bosi. Bibi alikuwa amesema mbwa asipewe mifupa asubuhi, mlinzi hakuambiwa. Nitaishia hapo, isipokuwa niongeze kwamba kikapu cha Bibi ndicho kilichokuwa karibu zaidi, na kwamba kutoka Shelui mpaka katikati ya mbuga ya Wembere tuliendesha madirisha yote yakiwa wazi, vumbi likiingia na hakuna aliyelilalamikia. Wembere ni tambarare mpaka macho yanachoka. Ng'ombe kwa mamia, vijana wa kuchunga wamejifunika mashuka, na mbingu kubwa kuliko inavyohitajika.

Igunga tuliingia sheli kujaza mafuta. Kulwa, kwa huruma, akaona Siti anahema, akalegeza kamba ya manila "kidogo tu". Niliona kitu cha kijivu kikipita magotini pangu kama maji yaliyomwagwa. Siti akakatiza uwanja wa sheli, akapita chini ya bodaboda, akaingia uvunguni mwa semi lililoegeshwa pembeni na kupanda juu ya tairi la akiba, pale linaponing'inia chini ya chesisi. Namba za gari zilikuwa za Rwanda.

Malori ya njia hii mengi huenda mbele hadi Tinde, kisha hukata kushoto kuelekea Isaka, Kahama na mpakani. Utingo alikuwa tayari anaondoa mawe chini ya magurudumu. Mume wangu akakimbilia kwa dereva, akampungia mikono yote miwili. Dereva akazima injini, akashuka, akainama, akamwona. "Huyu ameshapanda," akasema kwa Kiswahili kizuri tu. "Namshusha Kigali."

Tulimwita kwa majina yote. Utingo akajaribu na fimbo, Siti akazidi kurudi ndani. Watu wakajaa, kila mmoja na ushauri wake, Kulwa analia, Bosi anabweka garini kama anayesema aliwaonya. Ndipo Bibi akashuka. Akafungua lile begi lake lililosalimika, akatoa kopo la maziwa ya unga lenye dagaa wakavu. Dagaa wa Mwanza, aliowanunua soko la Mbagala Rangi Tatu ili asikose kitoweo safarini. Mimi nilikuwa nimemcheka wakati anapakia: Mama, unarudisha dagaa Mwanza?

Akaketi chini kabisa, kwenye lami iliyopakaa oili, miguu ameinyoosha mbele. Akatikisa kopo. Ile sauti ya dagaa wakavu ndani ya bati, kwetu nyumbani ndiyo sauti ya saa kumi na mbili jioni. Akatikisa tena, hakuita, hakusema neno. Akaweka dagaa mmoja kwenye lami, mwingine karibu na goti lake, wa tatu mapajani.

Kwanza ukatokea mkia. Halafu Siti mzima, tumbo linagusa chini. Akala wa kwanza. Akala wa pili. Alipofika kwenye paja Bibi hakumkamata kwa pupa; alimfunika kwa kanga taratibu kama anayemfunika mtoto mchanga, akainuka naye. Watu wakapiga makofi. Dereva wa semi akapewa dagaa kiganja kizima, akaondoka anatafuna.

"Ningemtia guniani," Bibi aliniambia tulipoingia garini, "haya yote yangetokea?" Sikuwa na jibu. Siti alimaliza safari iliyobaki mapajani mwake, ndani ya kanga, kimya.

Nzega, Tinde, Shinyanga na malori ya pamba. Baada ya hapo mawe yakaanza kujitokeza, moja moja kwanza, halafu marundo, jiwe juu ya jiwe hadi unajiuliza nani aliyapanga. Usagara Bibi akaomba tukunje kushoto, aone daraja la Kigongo na Busisi. Kwao ni Sengerema, na maisha yake yote alivuka pale kwa kivuko, foleni juani, wakati mwingine nusu siku. Daraja, kilomita 3 juu ya maji, lilikuwa limefunguliwa tarehe 19 Juni, wiki chache tu kabla. Baba Kulwa akasema Jumapili, Mama, leo mbwa amechoka. Bibi akanyamaza kwa namna ambayo mimi ningegeuza gari. Jumapili tulikwenda, akavuka akihesabu nguzo kwa Kisukuma, ikapotea hesabu, tukarudia.

Luchelele tulifika saa kumi na moja na nusu. Fuso ilishashusha, kabati la nguo lilikuwa na mlango mmoja badala ya miwili, na mpaka leo hakuna anayejua wa pili uko wapi. Siti akaingia chini ya kitanda ambacho bado kilikuwa vipande, na tukakubaliana asitoke nje kwa wiki tatu.

Bosi tulimpeleka ziwani kwa kamba. Jirani mmoja aliyekuwa anashona nyavu alituamkia "Mwadila", Bibi akajibu kwa sauti ambayo Dar sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya msichana. Watoto waliambiwa wasiingie majini, kuna kichocho. Bosi akasogea hadi kwenye ukingo, akasita. Kule Kigamboni aliwahi kuonja bahari, akapiga chafya na kunikasirikia kutwa. Akanusa. Akalamba mara moja, akainua kichwa akatutazama. Akalamba tena. Kisha akaanza kunywa, macho ameyafumba, bila kukoma, mpaka nikaanza kuivuta kamba.

"Mwache," akasema Bibi. "Hayaishi."