Mashine yangu ya kuvisha nyaya namba, Chake Chake

Fundi akipiga hesabu ya paneli, yaani sanduku la vifaa vya kuongozea umeme, huhesabu kontakta (swichi inayovutwa kwa umeme), breka, ovalodi (kinga ya mota), sanduku la bati, trankingi (mfereji wa kulazia nyaya) na waya. Slivu haitajwi. Ni kijibomba cha plastiki chenye namba, unakivisha kwenye ncha ya waya kabla hujaufunga kwenye tamino, pale pa kubania waya kwa skrubu, basi. Ukija kupata kazi ambayo kila waya lazima uwe na namba ncha zote mbili, ndipo utakapojua muda wako umekwendea wapi.

Mimi natengeneza paneli hapa Chake Chake: za pampu za visima, za taa, na zaidi za chenjiova ya jenereta, ile swichi ya kuhama kutoka umeme wa shirika kwenda wa jenereta. Chenjiova kwetu haikosi mteja. Pemba ilikuwa ikiishi kwa majenereta ya dizeli ya Wesha mpaka 2010, ilipowashwa kebo ya baharini ya kutoka Tanga. Wenzetu wa Unguja nao walikaa kizani karibu miezi mitatu, tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, kebo yao ya kutoka bara ilipoharibika. Aliyekuwa na hoteli wakati ule hasahau, na mwanawe aliyerithi hoteli hasahau pia.

Kazi ninayoisimulia ilitoka kwenye hoteli moja ya kaskazini ya kisiwa: paneli za pampu pamoja na chenjiova, na mchoro uliokuja na injinia wake. Injinia akaniwekea kidole juu ya mchoro. "Fundi, kila waya namba yake, ncha zote mbili, na namba iwe hii iliyopo hapa. Sitaki stika ya karatasi, sitaki kalamu." Hakuwa anajishaua. Kanuni za kimataifa za umeme wa mitambo, IEC 60204-1, ndivyo zinavyotaka: kila waya utambulike pale unapofungwa, kwa namna inayolingana na mchoro.

Mtu atasema rangi zatosha. Hazitoshi, na kwetu huku ni hatari kuzitegemea. Majumba mengi yamefungwa kwa rangi za zamani za Kiingereza: nyekundu, njano na buluu kwa fezi tatu, yaani nyaya zenye moto, na nyeusi kwa nyutro, waya wa kurudishia. Waingereza wenyewe wameshaziacha. Walianza kubadilisha 2004, na tangu 2006 kazi mpya kwao ni kahawia, nyeusi na kijivu kwa fezi, na buluu kwa nyutro. Sasa tazama: nyeusi iliyokuwa nyutro imekuwa fezi, na buluu iliyokuwa fezi imekuwa nyutro. Nimekuta chumba cha pampu ambamo nyaya za zama zote mbili zimeingia sanduku moja, na aliyezifunga hayupo wa kuulizwa. Ndani ya paneli hali ni nyengine tena, maana nyaya za kuamrisha kontakta zote ni nyekundu. Zimelala pamoja kwenye trankingi, nyekundu juu ya nyekundu. Bila namba hapo ni pata potea.

Tulikuwa na njia zetu za zamani. Kuna vile vipete vya plastiki vya tarakimu moja moja. Namba 127 unatia vipete vitatu, na ukikosa kipete cha 7 siku ya Ijumaa jioni kazi inalala. Kuna wanaozungusha selotepu na kuandika kwa biro. Kwa unyevu wa hapa gundi inayeyuka, tepu inateleza, na baada ya msimu wa masika unafungua paneli unakuta vikaratasi vimelala chini ya sanduku.

Kwa hiyo nilinunua printa ya tyubu, ya Kijapani, iliyokwishatumika, ikaja kwa boti. Inakula roli ya tyubu ya PVC, inachapa kwa joto kupitia ribini, kisha inakata. Unaweza kuandika orodha nzima kwenye kompyuta ukaipelekea. Jambo zuri zaidi ni kwamba unaweza kuiamrisha isikate mpaka mwisho: inaacha kijisehemu kidogo kikishikilia, na namba zinatoka zimefuatana kwa mpangilio, kama tasbihi. Huna haja ya kuchambua rundo la vijibomba mezani kutafuta 43 iko wapi. Printa hizi nchi za baridi huuziwa na kihita cha kupasha tyubu ili wino ushike. Sisi hilo Mungu ametutolea bure. Kinachotusumbua sisi ni mafuta ya vidole. Kijana wangu akishatoka kula urojo akaigusa tyubu, chapa inatoka na madoa, kwa hiyo pembeni ya printa pana kitambaa na chupa ya spiriti.

Halafu 6 na 9. Slivu inazunguka juu ya waya na haina juu wala chini, hivyo 16 ukiigeuza ni 91, 68 ni 89, 66 ni 99. Printa ina kitufe cha kupigia mstari chini ya 6 na 9. Kitumie daima, hata kama mchoro hauna mstari.

Basi kuchapa kukawa rahisi. Kazi yote ikahamia kwenye kuvisha, na hapo ndipo tulipokwama. Tyubu ikitoka kwenye roli haiko duara kamili, imebanwa kidogo ikawa na umbo la yai. Waya una ganda la PVC na slivu ni PVC, na plastiki mbili za aina moja zikigusana kwenye joto zinang'ang'aniana. Waya laini una nyuzi nyingi nyembamba za shaba; uzi mmoja ukijitokeza unakwama kwenye mdomo wa slivu na kuisukuma badala ya kuingia. Unashika slivu kwa kidole gumba na cha shahada, vidole vina jasho, inaruka, inaingia chini ya meza. Kijana akaapa wallahi slivu zile si saizi yake. Nikapima kwa kalipa: waya wa milimita za mraba 1.5 unene wake na ganda ulikuwa milimita 3 na kitu, tundu la tyubu 3.6. Saizi ilikuwa ndiyo. Kilichokosekana ni kitu cha kuishika slivu isitikisike na kuuongoza waya uingie katikati.

Viwandani wana mashine za kazi hiyo. Nilizitazama kwenye video nikawa nazisimamisha na kurudisha nyuma. Kuna inayochapa, ikakata, ikaishika slivu kwa taya mbili mbele ya kifuneli. Mfanyakazi anasukuma waya mpaka uguse kihisio, taya zinaachia, anatoa. Kuna nyengine haivishi slivu, bali inazungusha stika yenye mkia angavu unaojifunika juu ya maandishi yake. Bei zake ni za watu wanaotengeneza nyaya za magari kutwa kucha. Lakini nilichokiona ni kwamba sehemu ya maana haikuwa mota wala kompyuta. Ilikuwa ni mambo matatu: mfereji wa kuilaza slivu, kizuizi cha nyuma ili isisukumwe, na kifuneli kinachofunguka ili waya uliokwisha vikwa utolewe kwa juu. Hayo seremala anayaweza.

Jirani yangu seremala, ami yangu kwa heshima, akanichongea kipande cha mvule chenye mfereji wa upana wa milimita 5. Slivu yangu kwa nje ni kama 4.6, inalala humo bila kucheza. Mwisho wa mfereji nikafunga kibati cha aluminiamu nilichokikata pengo la milimita 4 kutoka juu kwenda chini. Waya unapita kwenye pengo, slivu haipiti. Hapo ndipo penye akili yote ya mashine, na ni kibati kisichozidi ukubwa wa stempu.

Kifuneli kilinitoa jasho. Cha bati kilikuwa na makali yasiyoonekana. Ukiupitisha waya unatoka na mkwaruzo mrefu mgongoni, na waya uliokwaruzwa siufungi kwa mteja. Nikapiga msasa, mkwaruzo ukapungua lakini haukwisha. Dawa nikaiona kwenye takataka za mafundi bomba: ile nozeli ya plastiki ya tyubu ya silikoni. Ni kifuneli tayari, laini ndani, chembamba mbele na kipana nyuma. Unaikata pale ambapo jino la keekee la milimita 3.5 linapita kwa shida kidogo, kisha unaipasua kwa urefu vipande viwili. Nusu ya chini nikaigundisha kwenye mvule, mdomo wake ukitazamana na mfereji. Nusu ya juu nikaifunga kwenye bawaba ndogo yenye springi inayoibana chini.

Ikabaki namna ya kuinua nusu ya juu, maana mikono yote miwili ina kazi. Nyuma ya karakana anakaa mama mmoja fundi cherehani, na uani kwake palikuwa na miguu ya cherehani ya zamani, kichwa kimeshakwenda zake.

"Mama, ile miguu ya cherehani yafanya nini pale?"

"Kuku watagia. Waitaka ya nini?"

"N'na mashine ya kuvishia nyaya."

"Haya yote ni dunia. Chukua, ila kuku wangu umtafutie pengine."

Kuku akapata debe. Pedeli nikaiunganisha na bawaba kwa kebo ya breki ya baiskeli: ukikanyaga, nusu ya juu ya kifuneli inainuka; ukiachia, springi inairudisha.

Kazi inakwenda hivi. Waya unakatwa kwa koleo kali, ukate mnyoofu, na usiumenye kwanza. Ukimenya mapema zile nyuzi za shaba zinachanua na taabu inarudi palepale. Slivu mbili za namba moja, zikiwa bado zimeshikana kwa kile kijisehemu cha printa, zinalazwa kwenye mfereji mpaka ziguse kibati. Unasukuma waya kwenye kifuneli, unapita slivu zote mbili kwa mkupuo mmoja, unachungulia upande wa pili. Unakanyaga, unainua waya na slivu zake, unazipindua kidogo zinaachana. Moja unaiacha hapo ilipo, nyengine unaiteremsha mpaka ncha ya pili. Ncha zote mbili unazikunja ili slivu zisidondoke.

Kule kuvisha mbili pamoja hakukuwa kwenye video yoyote, na mimi naona ndiko kulikotuokoa zaidi kuliko pedeli. Paneli ikikosewa namba, mara nyingi huwa upande mmoja umeandikwa 34 na wa pili 35, kwa sababu fundi alivisha ncha ya kwanza asubuhi na ya pili baada ya adhuhuri. Slivu mbili zikiingia pamoja kutoka kwenye mnyororo mmoja, kosa hilo halina pa kupitia. Kwa nyaya ndefu za kwenda kwenye mlango wa paneli, slivu haiteremki vizuri. Hizo tunaziachanisha mapema na kuzivisha moja moja, na kijana anasoma namba kwa sauti.

Nyaya zilizovikwa zinatundikwa kwenye ubao wenye misumari, kwa mpangilio wa mchoro. Baada ya hapo ni kumenya, kutia feruli (kijibomba cha chuma cha kukusanya nyuzi za shaba kwenye ncha), kubana na kufunga. Slivu lazima itangulie feruli, maana kola ya plastiki ya feruli ni pana na slivu haiipiti.

Kwa nyaya zinazotoka nje kwenda kisimani, penye chumvi na mtikisiko wa pampu, situmii PVC ya kawaida. Natumia slivu ya kunywea, ile inayosinyaa kwa joto na kuukumbatia waya. Yenye tundu la milimita 4.8 inasinyaa mpaka 2.4. Hiyo kuivisha haihitaji mashine, inaingia yenyewe kwa upana wake. Uangalifu wake uko kwenye joto. Inataka kiasi cha nyuzi 120 ili isinyae sawasawa, na waya wa PVC umetengenezwa kwa nyuzi 70 za kudumu. Kwa hiyo upepo wa moto unapita haraka, unazunguka, hausimami. Na hakikisha namba inatazama mbele kabla hujawasha, kwa sababu ikishasinyaa haizunguki tena.

Injinia alipokuja kukagua hakutazama mashine wala hakuuliza. Alifungua mlango, akachagua namba kwenye mchoro bila mpango, akamwambia kijana amuoneshe ncha zake mbili. Akafanya hivyo kwa namba kadhaa, akaweka saini, akaomba maji ya kunywa.

Mashine bado ipo, na mipaka yake naijua. Ni ya waya wa milimita za mraba 1 na 1.5 tu, kwa 2.5 nina kipande chengine cha mvule chenye mfereji mpana zaidi, na kuanzia 6 kwenda juu mkono unashinda, kwa sababu waya wenyewe ni mgumu na unaingia bila kubembelezwa. Kijana anataka tutie mota badala ya pedeli. Nimemkatalia: mguu unahisi waya ulipokwama, mota haitahisi. Kinacholika ni nozeli. Baada ya muda mdomo unachakaa na waya unaanza kupita pembeni. Dukani nozeli tupu hawauzi, wanauza na silikoni yake, ndiyo maana karakana yetu haina tundu hata moja la kuvujia mvua na bado tuna silikoni ya kuwagawia majirani.