Hakina msumari hata mmoja

Leo nimempeleka mpwa wangu Makumbusho ya Lamu. Yeye alitaka milango ya kuchonga. Mimi nikaganda mbele ya mfano wa mtepe, chombo cha kale cha baharini.

Jamani, mbao zimeshonwa!
Zimetobolewa kingoni, zikaunganishwa kwa kamba za makumbi ya nazi, matundu yakazibwa. Tanga lake la mraba lilisukwa kwa majani, mkeka kabisa.
Na mitepe halisi ilibeba shehena baharini.

Mgiriki mmoja wa karne ya 1 alishaandika kuhusu mashua za kushonwa katika pwani yetu hii. Baadaye majahazi yakatawala: misumari ya chuma, tanga la pembetatu la kitambaa, linaloweza kutumia hata upepo wa ubavuni. Mwanzoni mwa karne ya 20 mitepe ikawa inatoweka.

Lakini ule mshono haunitoki kichwani.
Chombo cha kushonwa hunepa mawimbi yakikipiga, na kikigusa fungu la mchanga hakivunjiki upesi. Ila kinavuja! Mabaharia walikuwa hawapumziki kumwaga maji nje.
Mpwa wangu kaniuliza, "Sasa mjomba, walilala saa ngapi?"
Nimekosa jibu. (Swali zuri kuliko yangu yote, kusema kweli.)

Watu wa Lamu, Pate, Faza, Siyu, njooni hapa. Wazee wenu waliwahi kuwasimulia nini kuhusu mitepe? Na kuna fundi anayejua bado kushona mbao namna ile?