Mkongojo wa bibi: kutoka mninga hadi mwanzi
Bibi yangu hapa Ujiji alikuwa na mkongojo wa mninga, mzuri sana ila mzito kwa mkono wenye baridi yabisi. Kisiwani Jersey, karibu na pwani ya Ufaransa, watu hutengeneza bakora nyepesi kwa mashina makavu ya kabichi ndefu, kwa hiyo wepesi haukunitisha. Nilichagua mwanzi uliokomaa, nikaukausha kivulini, maana jua kali huupasua. Kazi iko nchani, ndiko unakoanza kuchanika. Niliukata chini kidogo ya fundo ili ncha izibwe, nikaizungushia ukanda wa tyubu ya baiskeli nikiuvuta kwa nguvu kila mzunguko, kisha nikaivisha kipande cha tairi usiteleze. Urefu ni hadi kifundo cha mkono, bibi akiwa amesimama wima. Sokoni sasa anakwenda mwenyewe.