Mapumziko ya wawili Kiwengwa katika mwaka wa barakoa

Kwa watumishi wengi wa Dodoma, Zanzibar ni mahali pa semina. Mtu hupanda boti akiwa na begi la kompyuta, hulala Mjini kwa posho ya kujikimu, hushinda ukumbini, hununua karafuu na halua Darajani, kisha hurudi kazini. Mume wangu alikuwa amekwenda Unguja kwa namna hiyo mara nyingi bila miguu yake kugusa maji ya bahari ya huko, na mimi sikuwa nimefika kabisa. Wazo la kwenda wawili tu, bila semina na bila watoto, lilitujia mwaka 2021 kwa sababu ambayo si ya kujivunia: UVIKO-19 ulikuwa umewapunguza wageni wa nje, na hoteli kubwa za ufukweni, ambazo kwa kawaida zilikuwa zikitangaza bei zake kwa dola, zilikuwa zimeanza kututafuta sisi wa ndani kwa shilingi.

Hoteli tuliyoichagua iko pwani ya mashariki, upande wa Kiwengwa, na ni ya aina ile ambayo bei ya chumba hujumuisha milo yote, vinywaji na baadhi ya michezo. Bei ya wakaazi tuliyopewa ilikuwa shilingi 380,000 kwa usiku mmoja kwa watu wawili. Kwa wanaoishi kwa mshahara hizo si fedha ndogo, na mwenzangu alipoiona aliniuliza, "Mama watoto, tunakwenda kulala au kununua kiwanja?" Nikachukua karatasi tukapiga hesabu pamoja. Chumba cha kawaida chenye kifungua kinywa kilipatikana huko kwa chini ya nusu ya bei hiyo, lakini tulipoongeza chakula cha mchana na cha usiku katika migahawa ya ufukweni, maji ya kunywa, bia zake na juisi zangu, pamoja na teksi za kwenda kukitafuta hicho chakula, hesabu ilipanda hadi ikakaribia ile ya kwanza. Kwa tofauti iliyobaki tulikuwa tunanunua jambo ambalo mwaka ule lilikuwa na thamani yake, yaani kutolazimika kuingia katika kumbi za watu tusiowajua kila tulipotaka kula. Hata hivyo, hesabu hiyo inasimama kwa wale tu wanaokusudia kukaa hotelini. Anayetaka kuzunguka Mji Mkongwe, msitu wa Jozani na mashamba ya viungo kila siku atalipia milo asiyoila, na huyo namshauri achukue chumba chenye kifungua kinywa peke yake.

Kabla ya kutuma senti moja niliandika barua pepe nikiuliza "kila kitu" maana yake ni vitu gani. Majibu yalikuja ya juujuu, nikauliza tena kwa vipengele, na mara hiyo nikajibiwa vizuri. Vinywaji vilivyojumuishwa vilikuwa vya hapa nchini pamoja na mvinyo wa mezani. Pombe kali kutoka nje, kambakochi, masaji na boti ya kwenda kisiwa cha Mnemba vilikuwa na malipo yake. Baa ilifungwa saa tano usiku. Na tozo ya serikali inayohesabiwa kwa kila mgeni kwa kila usiku ililipwa mapokezini. Niliuliza pia iwapo mgeni anayefika asubuhi anaruhusiwa kula chakula cha mchana kabla ya kupewa chumba saa nane, kwa sababu hoteli nyingine huanza kuhesabu kwa mlo wa jioni, na mkifika mapema mnajikuta mmekaa mapokezini na njaa yenu. Swali la mwisho ndilo lililotuokoa: ingekuwaje kama mmoja wetu angeugua, au hali ya nchi ingebadilika, kabla ya safari? Waliandika kwamba malipo ya awali hayarudishwi, lakini tarehe zinaweza kusogezwa ndani ya mwaka mmoja bila adhabu. Barua hiyo niliichapisha nikaihifadhi pamoja na risiti ya benki.

Tulikuwa tumepanga kwenda mwishoni mwa Julai, na Julai ndiyo iliyokuja na wimbi la tatu. Ofisini kwetu watu walikuwa wakikohoa, misiba ilifuatana mitaani, na nyumbani tunaishi na mama mkwe ambaye ana kisukari. Hatukujadiliana kwa muda mrefu. Niliwaandikia hoteli kuomba tarehe za mwishoni mwa Septemba, wakakubali, ingawa walijaribu kwanza kutudai nyongeza ya bei, nami nikawakumbusha kwa adabu maneno yao wenyewe. Tarehe 28 Julai Rais Samia Suluhu Hassan alizindua chanjo kwa kuchanjwa hadharani Ikulu, na chanjo iliyokuwapo ilikuwa ya Janssen, ya dozi moja. Mama alitangulia, kwa kuwa wazee na wenye maradhi ya kudumu walipewa kipaumbele, nasi tukafuata baadaye, tukahakikisha kwamba zaidi ya wiki mbili zimepita kabla ya kusafiri ili kinga iwe imejengeka. Sitayarudia hapa maneno tuliyoambiwa mtaani kuhusu chanjo hiyo. Walioishi Dodoma mwaka ule wanayajua yote. Salio la malipo tulilipeleka benki, si kwa simu, kwa kuwa tozo za miamala ya simu zilikuwa zimeanza tarehe 15 Julai, na kwa kiasi kile cha fedha zilionekana.

Usafiri ndio uliotuumiza kichwa kuliko hoteli yenyewe. Basi la Dodoma hadi Dar es Salaam lenye kiyoyozi hufungwa madirisha njia nzima, na ni safari ya takriban kilomita 450, hivyo tuliamua kwenda na gari letu na kupeana zamu ya kuendesha. Kwa siku ya kazi barabara hiyo si ya kukimbia hata ukitaka: malori ya mahindi huingia na kutoka Kibaigwa, kuna kupanda na kushuka Gairo, na kila kijiji kina kibao chake cha kilomita 50 na askari mwenye tochi ya kupimia mwendo nyuma ya mti. Tulibeba chakula chetu, tukala chini ya kivuli baada ya Dumila, tukalala kwa kaka yangu Kimara ambako gari lilibaki uani. Asubuhi tulipanda boti ya saa moja. Huchukua kama saa mbili kufika Unguja, na ushauri wangu kwa wakati wa maradhi ya hewa ni kuwahi foleni, kisha kwenda moja kwa moja kwenye viti vya juu vilivyo wazi. Upepo wa kusi ulikuwa umeanza kulegea lakini haukuwa umekwisha, na baadhi ya abiria waliutapikia mkondo; sisi tulikuwa tumekula mkate mkavu tu, tukasalimika.

Tulipofika hotelini tulipimwa joto, tukanawishwa mikono, mizigo ikapuliziwa dawa, ndipo kila mmoja akafungwa bangili ya plastiki ya rangi ya machungwa inayoonyesha kwamba amelipia kila kitu. Wafanyakazi wote walivaa barakoa. Wageni, nao, wachache walivaa. Wengi walikuwa wanatoka Urusi, Ukraine na Poland, ambao ndio waliobeba utalii wa Zanzibar katika kipindi kile; Waitaliano, ambao Kiwengwa imewazoea kiasi kwamba vijana wa ufukweni huzungumza lugha yao vizuri, hatukuwaona. Sisi weusi tulikuwa wa kuhesabika, na jambo hilo lilitupa faida ambayo sikuitarajia. Bufee haikuwa ya kujipakulia tena. Mpishi alisimama nyuma ya kioo cha plastiki akipakua yeye mwenyewe, na wageni walionyesha kwa kidole walichotaka. Nilipomwomba samaki kwa Kiswahili, aliinama kidogo, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, huyu mwache, kuna changu anatoka jikoni sasa hivi." Kuanzia hapo nilikula nilichoelekezwa na jikoni, na sikuwahi kula vibaya.

Si kila kitu kilikwenda kama kilivyotangazwa. Hoteli ilijinadi kuwa na migahawa mitatu, nasi tukakuta mmoja tu unafanya kazi, kwa maelezo kwamba wageni hawatoshi kuiwasha yote. Maelezo hayo ni ya kweli na yanaeleweka, lakini bei haikuwa imepunguzwa kufuata idadi ya migahawa, na mgahawa mmoja maana yake ni watu wote ukumbini kwa wakati mmoja, jambo ambalo ndilo tulilolikimbia. Mume wangu, ambaye hapendi mabishano, alitaka tunyamaze. Mimi nilikwenda mapokezini na barua yangu iliyochapishwa, nikaomba kuonana na meneja, nikamweleza bila kupandisha sauti kwamba sitaki kurudishiwa fedha, nataka nafasi. Tulipewa meza ya nje barazani, tukaitumia siku zote tulizokaa, na juu yake mlo mmoja wa usiku wa kambakochi ambaye hakuwa ndani ya bei. Msomaji wangu akumbuke kuomba kitu ambacho hoteli inaweza kukitoa palepale, kwa sababu fedha ina safari ndefu ya idhini na wewe unaondoka keshokutwa.

Kuhusu bahari nilikuwa nimeuliza kwa waliotangulia, na jibu bora nililipata kwa mwenzangu wa ofisini anayetoka Makunduchi: "Usiangalie kalenda ya likizo, angalia mwezi." Pwani ya mashariki ya Unguja ni ya kina kifupi hadi kwenye mwamba, na wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hukupwa hadi ukabaki mchanga na matope kwa mamia ya mita. Katika siku za bamvua, saa nne asubuhi huna mahali pa kuogelea, na bahari hurudi alasiri. Tulichagua siku za maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana, na asubuhi tuliyakuta yamejaa mbele ya hoteli. Mimi niliyekulia kwenye mabwawa ya ng'ombe yanayokauka Agosti nilijifunza kuelea kwa kushikwa mgongo na mume wangu, tukiwa na umri huu, mbele ya Warusi. Simu zetu za kazi zilikaa kwenye kasiki ya chumbani mchana kutwa, tukizitoa jioni kuzungumza na watoto waliokuwa kwa wifi yangu Nkuhungu. Nadhani ni mara ya kwanza tangu Machi 2020 tulipozungumza chakula kizima bila kutaja nani kalazwa.

Nina manung'uniko na utaratibu wa bangili, nayo si ya hoteli ile peke yake. Mgeni aliyelipia kila kitu hana sababu ya kutoka getini, na akiwa hatoki, mama anayelima mwani hatua chache tu kutoka kwenye viti vya kuotea jua hapati chochote kutokana naye. Kilimo hicho kimekuwapo Zanzibar tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 na wanaokifanya kwa sehemu kubwa ni wanawake. Maji yalipopungua tuliwakuta wamejifunga kanga viunoni, wameinama juu ya kamba zilizofungwa kwenye vijiti, wakivuna na kutia kwenye magunia. Mmoja alituambia kwamba mwani wenyewe una bei ndogo, ila sabuni ya mwani ina afadhali, na wanunuzi wa sabuni walikuwa wamepotea pamoja na watalii. Tulitenga fedha za kijijini ambazo hazikuwa sehemu ya bajeti ya hoteli, tukanunua sabuni, vikapu vya ukili na madafu, huku tukiwa na vinywaji vya bure nyuma yetu. Na nikiwa kwenye kulalamika: mvinyo wa mezani uliokuwa ndani ya bei ulikuwa wa Afrika Kusini. Niliulizia wa Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mhudumu akacheka kwa heshima. Mume wangu alirudi kwenye bia.

Ankara ya kuondokea ilikuwa na ile tozo tuliyoambiwa, pamoja na kinywaji kimoja kikali ambacho hatukuwa tumekunywa, kikafutwa tulipoomba kuona saini. Nyumbani hatukwenda kumkumbatia mama. Kwa kuwa dalili za ugonjwa zinaweza kuchelewa hadi siku 14, tulikubaliana naye kabla ya safari kwamba tutakaporudi tutavaa barakoa ndani, tutakula barazani na tutalala chumba cha uani, na watoto wataendelea kukaa kwa shangazi yao. Mama aliona tunazidisha, akawa anatuletea uji na kuusukuma kwa mkono hadi ukingoni mwa meza huku akicheka. Hatukuugua, yeye hakuugua, na wiki mbili zilipotimia watoto wakarudi.

Wifi naye alivutiwa, akaniomba nimuulizie nafasi ya Desemba kwa ajili yake na shemeji. Wageni wa nje walikuwa wanaongezeka na bei ya wakaazi ilikuwa imeondolewa kwa wiki za Krismasi na mwaka mpya, kwa hiyo walisubiri hadi Februari, wakaangalia mwezi, wakaulizia kwa maandishi ni migahawa mingapi itakuwa wazi.