Lehemu 0.3: mzee aliyenifundisha kazi yangu ya utafiti

Mimi ni daktari, baada ya miaka kadhaa ya wodini nilirudi kusoma magonjwa ya homoni na kisukari, na utafiti wa kumalizia masomo nikachagua mafuta ya damu kwa wagonjwa wa kisukari. Wengi walinishauri niachane nayo, eti lehemu, yaani kolesteroli, ni ugonjwa wa Wazungu, chukua malaria upate hela. Nikakataa, maana kliniki kila wiki nilikuwa naona watu wa miaka 50 wamepooza upande mmoja na ukifungua faili hajawahi kupimwa mafuta hata mara moja.

Kilichonisumbua mwanzoni ni kufunga. Nilitaka mgonjwa asile masaa 12 kabla ya kutolewa damu, unamwambia asile, asubuhi anakuja kashakunywa chai ya maziwa. Mama mmoja nikamuuliza, mama umekula? "Sijala kabisa dokta, nimekunywa uji tu." Na alikuwa anasema kweli, uji unanywewa hauliwi, kosa lilikuwa kwenye maelezo yangu! Nikabadilisha nikaanza kusema hivi: kuanzia saa mbili usiku maji matupu, chai hapana, uji hapana, na dawa yako ya sukari ya asubuhi au sindano njoo nayo, utatumia ukishakula hapa hapa. Jioni nampigia simu kila mmoja, asubuhi nakuja na chapati na chupa ya chai, akitolewa damu tu anakula, maana mtu wa kisukari ukimfungisha halafu ukamwacha kwenye foleni mpaka saa sita sukari itashuka atakuangukia.

Basi mambo yakaanza kwenda vizuri, ndo akaja mzee mmoja. Majibu yake kwa mmol/L: lehemu yote 6.2, lehemu nzuri (HDL) 0.9, trigliseraidi, yaani aina nyingine ya mafuta ya damu, 11, lehemu mbaya (LDL, ile inayoziba mishipa) 0.3. Jicho langu likaganda kwenye hiyo 0.3, ndogo mno. Siku hizo nilikuwa nasoma kazi ya watafiti Helen Hobbs na Jonathan Cohen wa Dallas, Marekani, mwaka 2006 walionyesha kuwa Wamarekani Weusi waliozaliwa na hitilafu kwenye jeni (kipande cha urithi) la PCSK9 wana lehemu mbaya pungufu kwa 28% na ugonjwa wa moyo pungufu kwa 88%. Jeni hilo ndilo linaloelekeza ini kutengeneza protini ya jina hilo hilo, na kazi yake ni kuvunja vipokezi vinavyozoa lehemu kwenye damu, sasa ikikosekana vipokezi vinabaki vingi na damu inasafishika. Mwaka 2007 ikaripotiwa pia ya dada mmoja wa Zimbabwe, mzima kabisa, lehemu mbaya yake 0.4 hivi. Nikajua na mimi nimempata wa kwetu, usiku sikulala, nikamwandikia msimamizi wangu barua ndefu.

Akajibu kwa sentensi moja, "Damu yenyewe umeiona?"

Nikaenda maabara nikatoa kichupa kwenye friji, seramu, yale maji ya damu, nyeupe kama maziwa. Pale pale nikaelewa, kumbe mashine haikupima lehemu mbaya, iliipigia hesabu kwa fomula ya Friedewald ya 1972, unachukua lehemu yote, unatoa ile nzuri, unatoa trigliseraidi uliyogawa kwa 2.2. Kumi na moja gawanya 2.2 ni 5, ndo ikabaki 0.3. Lakini trigliseraidi zikivuka 4.5 hiyo fomula haitumiki kabisa, jibu lilitakiwa liachwe wazi. Ukitoa lehemu nzuri tu kwenye yote unabaki na 5.3 ya lehemu isiyo nzuri, nyingi mno, yaani mtu niliyekuwa nafurahi kwamba moyo wake umekingwa alikuwa kwenye hatari kubwa, na kwa mafuta yale hata kongosho ingeweza kuvimba muda wowote.

Nikampigia arudi siku hiyo hiyo. Shikamoo baba, insulini unachoma? Akanyamaza kidogo, akasema iliisha wiki tatu nyuma na hela hakuna. Bila insulini kimeng'enya kinachotoa mafuta kwenye damu kinalegea, na mafuta ya mwilini yanaachiwa ovyo, ini linayageuza linayarudisha kwenye damu, ndo maziwa yale. Tukahangaika akapata insulini, nami wikiendi mbili nikarudia fomu zote kwa mkono, waliovuka 4.5 nikawatoa kwenye fomula nikatumia hesabu ya lehemu yote kutoa nzuri. Utafiti ulichelewa lakini nikautetea bila woga.

Mzee alirudi baada ya miezi miwili, trigliseraidi 2.6. Nilikuwa nimemwonyesha kile kichupa cha kwanza, safari hii nikampa kipya aone, maji ya njano yanayopitisha mwanga. "Mbona leo haina maziwa?" Akakaa nacho mkononi muda mrefu, akauliza kama mwanae wa kiume naye anaweza kupimwa, nikamwambia amlete Jumanne asubuhi, na asinywe uji.