Mama anahamia makao ya wazee ya kanisa

Jamani tunamsaidia mama kupunguza vitu, anahamia makao ya wazee ya kanisa, yaani nyumba nzima iingie chumba kimoja na kabati dogo. Kilichotuokoa ni kupima chumba kwanza, ndo tukajua kitanda kinaingia ila kochi kubwa haliingii, ubishi ukaisha. Picha tumeziacha mwisho maana mkianza nazo hamfanyi kazi, mnakaa tu kulia. Biblia ya marehemu baba, ile yenye tarehe zetu za kuzaliwa na kubatizwa ukurasa wa mwanzo, hiyo haijadiliwi, anaenda nayo. Cherehani kampa mjukuu kwa mkono wake mwenyewe, nimefurahi sana amegawa akiwa hai. Bado jikoni, mwenye maboksi magumu anistue inboksi.