Rotaveta ya mtumba kwa majaruba yetu

Kwetu Igunga, mvua zikikaribia, wakulima wa mpunga huongea habari za matrekta kuliko habari za siasa. Nani kalitengeneza lake, nani anakodisha, nani kapata pawatila, lile trekta dogo la kutembea nyuma yake. Mimi na mdogo wangu tulikuwa tunatafuta rotaveta, mashine ya visu vinavyozunguka inayofungwa nyuma ya trekta kuvuruga udongo. Trekta tunalo, dogo la Kijapani la nguvu farasi 24, na lilikuja na jembe la sahani tu. Jembe hilo linapindua udongo vizuri, lakini halivurugi. Na jaruba, yaani kipande cha shamba la mpunga chenye kingo za kuzuia maji, lazima livurugwe kabla ya kupandikiza: udongo na maji vichanganyike hadi liwe tope laini, magugu yazame, na chini pazibe ili maji yasinywee. Miaka yote tumevuruga kwa ng'ombe. Udongo wa mbuga ukishalowa unang'ang'ania kwato na jembe pamoja, na ukisubiri trekta la kukodi zamu yako inafika miche imeshazeeka kitaluni.

Kwa hiyo niliweka fedha za mpunga wa msimu uliopita pembeni, nikaanza kuulizia. Naandika haya kwa sababu watu wengi wamenipigia simu wakiuliza bei, na bei ndiyo jambo la mwisho kabisa la kuuliza.

La kwanza ni upana. Pima trekta lako kwa nyuma, kutoka ubavu wa nje wa tairi la kushoto hadi ubavu wa nje wa tairi la kulia. Rotaveta iwe pana kidogo kuliko hapo, ili ifute alama za matairi. Letu lina mita 1.2, nikatafuta rotaveta ya mita 1.4. Tabora mjini nilionyeshwa moja ya mita 1.8, nzuri kwa macho, na muuzaji alikuwa tayari kushuka sana. Sikuitaka. Trekta la farasi 24 ukilifungia mashine ya upana huo kwenye udongo mzito, litakoroma na kuzima, au utalazimika kulima juu juu kama unakwangua.

La pili ni mikono, ile inayoshika mashine nyuma ya trekta. Nilibeba pini ya mkono wa chini wa trekta letu kwenye mkoba, nene milimita 22, pamoja na futi ya kupimia. Zipo rotaveta za Kijapani zilizotengenezwa kwa trekta moja tu. Mikono yake ni mifupi, matundu ni madogo, na ukizipeleka kwenye trekta jingine lazima fundi achomelee vipande. Kitu kinachobeba mashine nzito nyuma ya dereva sitaki kiwe cha kuungaunga.

Tuliyoinunua tuliikuta Nzega, kwa mzee mmoja ambaye injini ya trekta lake ilikufa. Ilikuwa imepakwa rangi nyekundu mpya, hata kwenye nati. Tulisalimiana, mwangaluka, akamgeukia mdogo wangu na kuanza kumweleza sifa za mashine. Mimi nikaomba kisu. Nilipoinama na kuanza kukata uchafu uliojiviringisha kwenye ekseli ya visu, mzee akahamia upande wangu. "Mayu," yaani mama, "kumbe wewe ndiye mwenye mali."

Hapo pembeni, mwisho wa ekseli, kushoto na kulia, ndipo rotaveta ya majaruba inapofia. Nyasi ndefu na nyuzi za mifuko ya mbolea hujiviringisha, zinakaza, zinaingia chini ya kifuniko na kukata sili, ule mpira unaozuia oili isitoke na tope lisiingie. Sili ikishakatika, tope linaingia kwenye beringi. Kwa nje huoni kitu, na rangi mpya inakuhakikishia kwamba hutaona. Kwa hiyo kata uchafu wote kwanza. Kisha inua mashine, weka magogo chini yake imara, shika ekseli kwa mikono miwili, itikise juu na chini. Ikicheza, beringi imekwisha. Izungushe taratibu kwa mkono na usikilize. Tazama pia nafasi kati ya visu na bati la juu: ikipungua na kuongezeka wakati inazunguka, ekseli imepinda, na hapo mimi ningeaga.

Ya mzee haikupinda. Upande wa kulia ulikuwa mkavu, wa kushoto ulicheza kidogo na ulikuwa na unyevunyevu wa oili.

Kisha giaboksi. Omba kulegeza nati ya chini, oili kidogo idondokee kiganjani. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Isugue kwa vidole: ukihisi chenga za chuma, gia zinaliwa. Hii ilikuwa nyeusi, ya zamani, lakini laini. Ubavuni tulifungua kifuniko cha cheni. Zipo rotaveta zinazozungushwa kwa gia tupu na zipo za cheni, na kwa huku kwetu napendelea ya cheni, maana fundi wa mjini mdogo anaweza kuitengeneza. Tazama meno yanayobeba cheni. Yakiwa yamechongoka na kuinamia upande mmoja, hesabu cheni na meno yote kuwa vya kubadilisha.

Visu visikutishe. Vikiisha vinanunuliwa vipya. Kuna vya kushoto na vya kulia, na vikifungwa ovyo mashine inatetemeka na kuacha mistari. Mafundi wetu wanaweza kuvichonga kwa chuma cha springi za gari, na wengine wanafanya kazi nzuri, ila vipimwe. Uzito usipolingana, mtetemeko unarudi kuzila beringi zile zile ulizohangaika kuzikagua.

Propela shafti, inayotoa nguvu kwenye PTO (mhimili unaozunguka nyuma ya trekta) na kuipeleka kwenye rotaveta, watu huitupia jicho tu. Itazameni vizuri jamani. Krosi, yaani viungo vinavyoifanya shafti ijipinde, zisicheze. Bomba la ndani na la nje viingiane kwa urefu wa kutosha: shafti fupi itachomoka ukishusha mashine, ndefu itagonga ukiinyanyua na kusukuma beringi za trekta lenyewe. Uma za ncha mbili za kipande cha katikati zikae sambamba. Na lile ganda la plastiki la kufunika shafti, kama halipo, nunua kabla hujaanza kazi. Shafti inazunguka mara 540 kwa dakika. Kanga, kitenge, koti la mvua, inavuta chochote. Kwetu sheria ni moja: nyasi zikikwama, injini inazimwa kwanza, ndipo mtu anashuka kuzitoa.

Nikaomba tuijaribu. Mzee akasema haina haja, yupo mteja mwingine anakuja jioni. Nikamjibu kwa heshima, baba, basi akija huyo auziwe. Tukakaa kimya. Mwishowe tuliazima trekta la jirani yake, dizeli nikanunua mimi, tukalima kipande cha mabua nyuma ya nyumba. Baada ya robo saa hivi tulizima, nikapitisha mgongo wa mkono pembeni. Kulia palikuwa vuguvugu. Kushoto palichoma, na oili ilikuwa imeanza kudondoka. Kila mtu aliona, hata mzee, na bei tuliijadili tukiwa tumesimama hapo hapo. Alianzia shilingi 2,500,000, tukafika 1,900,000. Tuliandikishana kwa mwenyekiti wa kitongoji, mashahidi wawili, namba ya mashine ikaandikwa kwenye karatasi. Kirikuu ikaibeba hadi Igunga.

Fundi alipofungua upande wa kushoto, pete ya beringi ilikuwa na namba 6207. Hii ni siri ndogo yenye faida kubwa. Usiende dukani kuulizia beringi ya rotaveta, utaambiwa haipo au utatajiwa bei ya ajabu. Taja namba. Beringi hiyo hiyo inatumika kwenye mashine nyingine nyingi. Sili nayo ina vipimo vitatu: tundu la ndani, upana wa nje na unene. Tulibadilisha pande zote mbili, tukaweka oili nzito ya gia namba 90, tukanunua seti nzima ya visu.

Kabla haijagusa shamba tuliiosha mbali na majaruba, tukakwangua kila kona. Ndani ya bati la juu tulitoa vipande vya mizizi ya mpunga pori. Ule mmea unachipua kutoka kipande kidogo cha mzizi, na rotaveta ikiukata inaupanda shamba zima. Ndago ni vivyo hivyo. Jirani akikuazima yake, ioshe kwanza kama ya mgonjwa, asikasirike.

Sasa majirani wanataka tuwalimie na mashamba ya juu, ya kichanga, ya mahindi na karanga. Nimekataa, na wengine wamenuna. Kwenye jaruba, kusaga udongo na kukaza chini ndiyo kazi yenyewe. Kichanga chetu ukikisaga hivyo kinakuwa unga, mvua kubwa ya kwanza inakibeba hadi korongoni, na ukirudia kila mwaka kwa kina kile kile unatengeneza tabaka gumu ambalo mizizi ya mahindi haipiti. Huko juu tutaendelea na ng'ombe na matuta. Wa majaruba waje, tupange zamu kabla maji hayajasimama, na kila mtu asafishe shamba lake nyuzi za mifuko ya mbolea kabla ya siku yake.